Spika za Sauti ya Mzunguko kwa Kompyuta ya Nyumbani: Bukavu

Sauti ya mzunguko ni mpangilio wa spika unaomzingira msikilizaji, ili mvua ya kwenye filamu isikike pande zote na maneno ya mwigizaji yabaki mbele, kwenye kioo. Mfumo ulioenea zaidi majumbani ni 5.1: spika tano na sabufa moja ya kutoa besi. Makala hii inaeleza namna mfumo huo unavyofungwa kwenye kompyuta, na mambo ambayo mkazi wa Bukavu, mji wa vilima kando ya Ziwa Kivu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hana budi kuyafikiria kabla ya kununua.

Sinema zilitangulia. Filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilijaribu kuizungusha sauti ukumbini mwaka 1940. Mwaka 1992 Batman Returns ilitoka na sauti ya Dolby Digital yenye chaneli 6. Kompyuta zilifuata: kadi ya Sound Blaster Live! ya kampuni ya Creative, Singapore, iliyotoka 1998, iliweza kuendesha spika nne.

Bukavu, kazi huanzia kwenye umeme. Mji umekaa pale mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu, na maji ya mto huo huendesha mtambo wa Ruzizi I, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II wa mwaka 1989, unaomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, hukatika, na unapokuwapo si kila mara unafika volti 220 zinazotakiwa. Saa ya hatari ni pale unaporudi: msukumo wa ghafla unaweza kuunguza amplifaya iliyomo ndani ya sabufa. Kwa hiyo kidhibiti cha volti kinunuliwe pamoja na spika, na umeme ukikatika waya zote zichomolewe hadi umeme utulie. Vyombo vinavyotoka Dubai au Dar es Salaam mara nyingi huja na plagi ya pini tatu bapa, ilhali soketi za Kongo huchukua pini za mviringo. Adapta nzuri ni bora kuliko kukata waya na kuufunga kwa mkono. Katika Kadutu, eneo la Bukavu ambako nyumba za mbao zimebanana na mioto imekwisha kuteketeza makazi zaidi ya mara moja, kulundika vifaa kwenye soketi moja ni hatari kwa mtaa mzima.

Nyuma ya kompyuta ya mezani yenye uwezo wa 5.1 kuna matundu ya rangi. La kijani ni la spika mbili za mbele, jeusi la spika za nyuma, na la machungwa ni la spika ya kati pamoja na sabufa. Baada ya kuchomeka, mipangilio ya sauti ifunguliwe, ichaguliwe 5.1, kisha kila spika ijaribiwe peke yake. Ni kawaida kugundua hapo kwamba kushoto kumekwenda kulia. Kompyuta ndogo ya kubebeka kwa kawaida ina tundu moja tu la visikizio, nalo hutoa chaneli 2. Itahitaji kadi ya sauti ya nje ya USB yenye matundu yote matatu, au waya wa HDMI unaokwenda kwenye amplifaya inayofahamu Dolby. Bluetooth ya kawaida nayo hubeba chaneli 2.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Seti nyingi za bei nafuu zina spika tano na sabufa, lakini nyuma zina matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Seti ya namna hiyo hurudia sauti ileile katika kila spika. Ina kelele, haina mzunguko. Inayopokea 5.1 kwa waya za kawaida huwa na matundu 6, au matatu ya rangi kama ya kompyuta.

Kuhusu mahali pa kuweka spika, pendekezo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano bado ndilo dira: za mbele zikae nyuzi 30 kushoto na kulia kwa mtazamaji, za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, zote zikiwa karibu na usawa wa masikio. Kuta tupu za saruji hurudisha sauti na kuivuruga. Mapazia mazito na zulia huituliza. Kuta za mbao hupitisha besi hadi kwa jirani, basi sabufa ipunguzwe na isikae kwenye kona, maana kona huikuza. Spika za ukutani zifungwe kwa skrubu imara: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha majengo Bukavu, na ardhi ya bonde hili la ufa haijaacha kutikisika.

Namba kubwa ya wati zenye herufi PMPO kwenye boksi haina kipimo kilichokubaliwa. Ya kuangaliwa ni RMS, yaani wati za mfululizo, au wati ambazo chombo hula kwenye soketi: kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo.

Kwa chumba kidogo, spika mbili nzuri na sabufa zinashinda 5.1 ya bei ya chini. Rumba za wanamuziki wa Kongo Franco na Grand Kallé za miaka ya 1950 zilirekodiwa kwa chaneli moja, na spika tano hazitaziongezea kitu. Faida ya mzunguko iko kwenye filamu na michezo ya kompyuta. Anayeamua kununua aende dukani na filamu yenye sauti ya 5.1 kwenye flashi, aombe seti iwashwe, kisha asimame mbele ya kila spika asikilize kama inatoa sauti yake yenyewe.