Mashindano ya Roboti ya Wanafunzi: Jinsi Kanuni za Mchezo Zilivyofungua Mlango

Mashindano makubwa ya roboti ya wanafunzi yalichipuka kutoka darasa moja la uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, Marekani. Huko, katika miaka ya 1970, Woodie Flowers alijenga somo la usanifu ambalo mtihani wake haukuwa wa kalamu na karatasi. Kila mwanafunzi alikabidhiwa mfuko wa vikorokoro, vya aina ileile kwa wote, akaambiwa aunde mashine itakayomenyana na za wenzake mbele ya umati. Mwenye fedha na asiye nazo walianza na mfuko mmoja. Kanuni hiyo ndogo ndiyo mizizi ya karibu kila kilichofuata.

Mwaka 1989 Dean Kamen, mvumbuzi aliyejipatia jina kwa pampu ya kuingiza dawa mwilini, alianzisha shirika la FIRST katika jimbo la New Hampshire. Alikerwa na vijana kuwajua wachezaji wa mpira kwa majina na kutomjua mhandisi hata mmoja. Akashirikiana na Flowers, na mwaka 1992 timu 28 zikakutana katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari mjini Manchester, New Hampshire. Mchezo uliitwa Maize Craze. Uwanja ulitandazwa punje za mahindi, na roboti nne ziliingia kwa pamoja kugombea mipira ya tenisi na kuirudisha kila moja kwenye ngome yake. Mahindi hayakuwa pambo. Juu ya punje zinazobingirika gurudumu hukosa pa kushika, na roboti iliyotembea vizuri kwenye sakafu ya karakana ilikuta mambo mengine kabisa uwanjani.

Katika miaka hiyo ya mwanzo kila timu ilijipigania yenyewe. Shule yenye wahandisi wa kampuni kubwa nyuma yake ilikuja na mashine iliyokamilika. Shule isiyo na mfadhili ilitolewa mapema na kurudi nyumbani. Kujisajili kukaja kugharimu maelfu ya dola, mbali na nauli na malazi. Huko Sherman, Texas, wahandisi wawili wa kampuni ya Texas Instruments, Ted Mahler na Steve Marum, walikuwa na jibu lao: mwaka 1993 walianzisha mashindano ya BEST, ambayo shule hailipi ada na vifaa vingi hurudishwa mwisho wa msimu ili vitumiwe tena mwaka unaofuata.

FIRST yenyewe ilibadilika kupitia kanuni za uwanjani. Mwaka 1999, katika mchezo wa Double Trouble, timu zilianza kucheza kwa miungano, mbili dhidi ya mbili. Tangu 2005 zikawa tatu dhidi ya tatu. Katika mechi za awali waandaaji ndio hupanga nani acheze na nani, na mshirika wa asubuhi huweza kuwa mpinzani wa mchana. Ikifika hatua ya mtoano, timu zilizoongoza hujichagulia washirika hadharani. Hapo ndipo mambo hunoga. Wanafunzi hukaa majukwaani siku nzima wakiandika roboti ipi hupanda, ipi huziba njia, ipi haiharibiki. Timu ndogo yenye roboti ya kazi moja, lakini inayoifanya bila kukosea, huweza kuitwa na vinara na kutwaa ubingwa pamoja nao. Aliye juu naye ana sababu ya kumwazima jirani yake betri au bisibisi: kesho huenda wakawa upande mmoja. Flowers alikuwa akihubiri kwamba mtu anaweza kushindana kwa nguvu zote bila kumvunjia mwenzake heshima. Mahubiri hayo yalipata nguvu zaidi yalipoambatana na pointi.

Mwaka 2001 waandaaji walikwenda mbali zaidi. Timu nne ziliingia uwanjani kama muungano mmoja, bila mpinzani ila saa. Wazo lilikuwa jema, lakini umati unaotaka kushangilia unahitaji wa kumzomea pia, na mwaka uliofuata wapinzani walirudi. Jaribio lililofaulu zaidi lilikuja mwaka 2012. Uwanja wa Rebound Rumble ulikuwa na daraja la kupembea katikati. Roboti za pande mbili zinazopingana zikipanda na kulisawazisha pamoja, kila upande ulipata pointi mbili za msimamo, sawa na za kushinda mechi. Aliyekataa kushirikiana alijinyima mwenyewe.

Kundi moja lilikuwa bado nje: wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Special Olympics, harakati iliyoanzia Chicago mwaka 1968, ilikuwa tayari na utaratibu wa timu mseto, ambamo wenye ulemavu huo na wasio nao huvaa jezi moja. Mwaka 2015, katika jimbo la Washington, utaratibu huo uliingizwa kwenye roboti kwa jina la Unified Robotics, kutokana na juhudi za mwanafunzi aliyetaka dada yake mwenye usonji apate nafasi. Mchezo uliochaguliwa ni sumo. Roboti mbili ndogo za matofali ya LEGO husukumana juu ya jukwaa la duara mpaka moja itoke nje. Kihisi cha mwanga chini ya roboti hutambua rangi ya ukingo na kuiamuru irudi nyuma. Mechi ni fupi, na mshindi anaonekana bila kuuliza mwamuzi. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwani aliyeunda na aliyeandika programu wote huona papo hapo kazi yao imefanya nini.

Mwaka 2017 Kamen alileta mashindano ya FIRST Global, kila nchi timu moja, vifaa vilevile kwa wote. Nchi zaidi ya 150 zilikutana Washington, D.C., katika mchezo wa kutenganisha mipira iliyowakilisha maji safi na machafu, zikiwa katika miungano ya mataifa matatu. Hapa kanuni za uwanjani zilikutana na ukuta. Wasichana sita wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili, wakaruhusiwa dakika za mwisho baada ya Ikulu ya Marekani kuingilia kati, na wakaondoka na medali ya fedha ya ujasiri. Vijana sita wa Burundi, nchi iliyokuwa katika machafuko ya kisiasa, walitoweka mashindano yalipomalizika. Polisi walisema wawili wao walikuwa wameonekana wakivuka kwenda Kanada.

Tangu hapo mashindano hayo yamefanyika Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore, Athens na Panama City, ukiacha miaka miwili ya korona yalipochezwa kwa mbali. Mpaka mwaka 2025 yalikuwa hayajafanyika katika mji wowote wa Afrika, bara lenye timu nyingi ndani yake.