Msuguano: Kutoka Karakana ya Meli hadi Kompyuta

Leonardo da Vinci aliandika katika madaftari yake, mwishoni mwa karne ya 15, kwamba uzito ukiongezeka maradufu msuguano nao huongezeka maradufu, na kwamba kulaza kitu ubavu au kukisimamisha hakubadilishi msuguano huo. Madaftari hayakuchapishwa. Guillaume Amontons aliyafikia upya mambo hayohayo huko Ufaransa mwaka 1699.

Vipimo vya kutegemewa vilitoka kwenye karakana ya meli za kivita ya Rochefort, alikofanya kazi mhandisi wa jeshi Charles-Augustin de Coulomb. Alipakia uzito juu ya ubao, akauvuta kwa kamba iliyopita kwenye kapi. Aliona kwamba mwaloni ukiachwa utulie juu ya mwaloni mwenzake, kuung'oa kunataka nguvu kubwa kuliko kuuendeleza ukishaanza kuteleza, na nguvu hiyo hukua kadiri ubao unavyokaa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Akademia ya Sayansi mwaka 1781.

Kanuni yake ni nyepesi: msuguano hupinga mwendo kwa nguvu isiyotegemea kasi. Mwaka 1902 Richard Stribeck alionyesha kwamba kwenye beringi zenye mafuta kasi ina uzito wake: msuguano hushuka kwanza, kisha hupanda.

Kompyuta ndiyo iliyofichua udhaifu mkubwa zaidi wa kanuni ya Coulomb, nao uko pale kasi inapokuwa sifuri. Sanduku lililotulia kwenye mteremko halina mwendo wa kupingwa, kwa hiyo kanuni haisemi msuguano wake ni kiasi gani. Programu inayoiga mwendo wake huliteremsha kidogo, hulirudisha, hulisukuma tena, na sanduku linalopaswa kusimama hutetemeka bila kikomo. Mwaka 1985 Dean Karnopp alitenga ukanda mwembamba wa kasi kandokando ya sifuri. Ndani yake kitu huhesabiwa kimesimama, na msuguano hulingana na nguvu inayokisukuma mpaka ukomo wake uvukwe.

Phil Dahl alikuwa ameshapita njia nyingine mwaka 1968: kabla ya kuteleza, nyuso mbili zilizogusana hunepa kama springi. Wazo hilo lilikuzwa na watafiti wa Lund, Sweden, na Grenoble, Ufaransa, waliotoa modeli ya LuGre mwaka 1995. Wao walizichukulia nyuso kuwa na nywele ngumu kama za brashi, zinazopinda na kuachia, wakaunganisha humo mkunjo wa Stribeck. Modeli hiyo huhitaji vigezo sita, na vyote hupatikana kwa kuipima mashine yenyewe, kwa sababu mafuta, joto na uchakavu huvibadilisha.