Mwanamke aliyempiga chenga Sherlock Holmes, na mwenzake wa Singida

Mjini Singida, ukimwambia kijana wa bodaboda "nipeleke Liti", hakuulizi mara mbili. Anajua unataka uwanja wa mpira, ule uliokuwa ukiitwa Namfua. Nilimwuliza mmoja, "Kijana wangu, huyo Liti mwenyewe alikuwa nani?" Akacheka: "Mzee, si uwanja?" Tuliposimama kupisha ng'ombe ndipo akakumbuka. "Ah, yule bibi wa nyuki!"

Mkobani nilikuwa na hadithi ya bibi mwingine. Hiyo ilitoka London katika jarida la Strand, Julai 1891, na ndiyo hadithi fupi ya kwanza ya mpelelezi Sherlock Holmes, baada ya riwaya mbili za 1887 na 1890. Mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, alikuwa daktari. Jambo la ajabu ni kwamba mfululizo wa hadithi fupi uliompa umaarufu aliufungua kwa kumfanya shujaa wake ashindwe, tena na mwanamke.

Mfalme wa Bohemia anamjia Holmes usiku, amevaa kinyago na kujipa jina la uongo. Anataka kuoa binti wa kifalme, lakini Irene Adler, mwimbaji wa opera mzaliwa wa New Jersey, ana picha waliyopiga pamoja zamani. Mfalme amekwisha kutuma wezi nyumbani kwake, amepekua mizigo yake, amemvizia njiani. Majaribio matano, na picha haijaonekana.

Holmes anajigeuza mtunza farasi ili apeleleze. Badala ya kupata picha, anajikuta kanisani, shahidi wa ndoa ya Adler na mwanasheria Godfrey Norton, na bibi harusi anamtuza sarafu ya dhahabu. Jioni anarudi kwa sura ya kasisi. Watu aliowakodi wanazua ugomvi mlangoni, kasisi anaanguka kama aliyejeruhiwa, anaingizwa ndani alazwe. Watson, rafiki wa Holmes anayeisimulia hadithi, akiwa nje ya dirisha, anarusha fataki ya moshi na kupiga kelele za moto. Mwanamke anakimbilia pale alipoificha picha, na Holmes anapaona. Mchezo umekwisha, au ndivyo anavyodhani.

Holmes akiwa mlangoni pa nyumba yake, kijana mmoja aliyejifunika koti refu anapita na kumtakia usiku mwema kwa jina lake. Sauti hiyo anaijua, ila hakumbuki ni ya nani. Alikuwa Irene Adler katika nguo za kiume. Asubuhi Holmes, Watson na Mfalme wanamkuta ameondoka na mumewe kwa treni, ameacha barua na picha yake akiwa peke yake. Mfalme anamtolea Holmes pete ya zumaridi. Holmes anaomba ile picha tu. Ninachokipenda ni kwamba mtu wa kujigeuza alishindwa kwa kujigeuza. Silaha ilikuwa yake, shabaha ikawa ya mwenzake.

Mwaka huohuo wa 1891, tarehe 1 Januari, serikali ya Ujerumani ilikuwa imeichukua nchi yetu mikononi mwa kampuni na kuifanya koloni lake rasmi. Haikupita miaka mingi Wajerumani wakajenga boma Kilimatinde, katika wilaya ya Manyoni ya leo, na kutoka huko mkono wao ukawafikia Wanyaturu wa Singida. Hapo ndipo wazee wanapomwingiza Liti. Wanasimulia kwamba aliwakabili askari wa Kijerumani kwa kuwaachia nyuki, na kwamba hawakumweza mpaka watu wa ndani walipomsaliti. Wengine hutia uganga, wengine husema ni ujuzi wa nyuki tu. Mimi nimewahi kukimbizwa na nyuki chini ya mti wenye mizinga ya magogo, na tangu hapo najua: mwenye bunduki huitupa, maana mikono yote miwili inataka kufunika macho.

Adler aliacha barua na picha, na Watson alikuwepo kuandika. Liti hakuwa na Watson. Habari zake zimebaki midomoni, na sasa kwenye jina la uwanja.

Sisi wenyewe, katika riwaya za Kiswahili, tulichota kwa Holmes mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikatoka 1960: mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum ubavuni. Kiko kilivuka bahari, na rafiki akavuka. Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965, Elvis Musiba akamleta mpelelezi Willy Gamba. Nimesoma vitabu vingi vya aina hiyo kwa raha. Ila mwanamke wa kumzidi mpelelezi akili, akaondoka salama huku mpelelezi akimheshimu, katika nilivyosoma sijamkuta. Nimewakuta warembo wa mitego na marehemu wa ukurasa wa kwanza. Hilo, kwangu, ni pengo la aibu kwa taifa lenye Liti.

Basi mwandishi wa riwaya za upelelezi unayesoma hapa, panda basi la Singida. Ukishuka usiombe kupelekwa Liti, utaishia langoni pa uwanja. Omba kupelekwa kwa wazee wanaomjua, na uende na daftari.