Nukta, mkato na ritifaa: alama zilizobadili kazi Gisenyi

Mwanafunzi wa Goma akiandika 2,5 anamaanisha mbili na nusu. Akivuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kusoma Gisenyi, upande wa Rwanda, kama wafanyavyo watoto wengi wa Kongo, mwalimu wa hesabu atataka aandike 2.5. Huko hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza mkato hutenga maelfu, na nukta ndiyo inayotenga desimali. Ni mwendo wa dakika chache, lakini alama mbili zimeshabadilishana kazi.

Nyuma ya mabadilishano hayo kuna zaidi ya karne moja ya watawala na shule zao. Wamisionari wa White Fathers walifungua misheni ya Nyundo, jirani na Gisenyi, mwaka 1901, enzi ya Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka nchi, na Kifaransa kikawa lugha ya ofisi na ya masomo ya juu. Kiliingia na desturi za wachapaji wake: nafasi kabla ya nuktambili, nuktamkato, alama ya kuuliza na ya mshangao, alama « » kwa maneno ya kunukuu, majina ya siku, miezi na lugha kuanza kwa herufi ndogo. Aliyesoma Gisenyi kabla ya miaka ya 1990 alilelewa katika desturi hizo.

Mzizi wa alama hizi ni wa kale kuliko Kifaransa na Kiingereza. Karibu mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkutubi wa Alexandria, alipanga nukta juu, kati na chini ya mstari ili msomaji wa sauti ajue atue kwa muda gani. Mwishoni mwa karne ya 15, mchapaji Aldus Manutius wa Venice akaanza kuchapa nuktamkato. Baadaye Waingereza walizidi kuzitumia alama hizi kuonyesha muundo wa sentensi kuliko pumzi ya msomaji.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa kuwa huweka mkato kila wanapovuta pumzi. Sentensi mbili zilizokamilika haziunganishwi kwa mkato peke yake. "It is late, we are going home" ni kosa katika Kiingereza cha shule, ingawa Kifaransa huvumilia zaidi muundo wa namna hiyo. Tiba ni tatu: nukta na herufi kubwa, nuktamkato, au mkato unaofuatwa na kiunganishi kama "so".

Mageuzi makubwa ya lugha shuleni yalikuja Oktoba 2008, Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipoamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2009 iliingia Jumuiya ya Madola. Walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa walipewa mafunzo ya muda mfupi wakarudi darasani. Ikabidi "lundi" iwe "Monday" yenye herufi kubwa, na ile nafasi kabla ya alama ya kuuliza ifutwe.

Lakini alama yenye visa vingi Gisenyi ni ritifaa. Kinyarwanda huitumia irabu inapodondoka: "Leta y'u Rwanda", "umwana n'umubyeyi". Kifaransa hufanya vivyo hivyo katika "l'école". Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi Februari 2017 na ambacho wachuuzi wa mpakani walikuwa wakikizungumza tangu zamani, huitumia kuonyesha sauti, kama katika ng'ombe. Kiingereza nacho kinaipa kazi ya umiliki: "the teacher's book" ni kitabu cha mwalimu mmoja, "the teachers' book" ni cha walimu wengi.

Kwa hiyo mtoto wa Rubavu, wilaya ya Gisenyi, anayechanganya "its" na "it's" hafai kuitwa mvivu. Ritifaa anaijua tangu alipojifunza kuandika Kinyarwanda, na ujuzi huo unaweza kumsaidia. Katika "it's" kuna kitu kilichodondoka, sawasawa na katika "n'umubyeyi", kwa maana ni "it is" au "it has" iliyofupishwa. "Its" ya umiliki haikudondosha kitu, basi haina ritifaa. Akielezwa hivyo, kanuni inamwingia bila kukariri.

Vitabu vingi vya Kiingereza huandikwa kana kwamba msomaji hajawahi kuona mkato maishani. Mwanafunzi wa Gisenyi ameuona katika lugha nyingine kabla ya kufungua kitabu cha namna hiyo. Walimu wa wilaya ya Rubavu waanzie hapo: waweke ubaoni sentensi ya Kinyarwanda, ya Kifaransa na ya Kiingereza, kisha wamuulize mwanafunzi kila alama inafanya kazi gani. Kusahihisha kwa kalamu nyekundu bila maelezo hayo ni kumwadhibu mtoto kwa historia asiyoiandika yeye.