Kung'arisha gari: Uraibu wa wikendi na hukumu za majirani

JUMAPILI asubuhi katika mitaa mingi ya Nairobi, si ajabu kumkuta mwanamume amechuchumaa kando ya gari lake, ndoo ya maji upande mmoja na kopo la nta upande wa pili, akiusugua mlango ambao machoni pa mpita njia ulikwisha kung'aa tangu saa moja iliyopita. Jirani anayemtazama kutoka roshani huwa na hukumu tayari: huyo anajigamba, au hana shughuli nyingine, au analienzi gari kuliko jamaa zake.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Mwenye gari linalometameta hushukiwa kuwa mkakasi wa aina hiyo, na anayeendesha gari lililojaa vumbi naye haponi, kwani huitwa mzembe.

Asili ya uraibu huu ni rangi yenyewe. Magari ya kwanza yalipakwa rangi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa kukauka. Kampuni ya Ford ililitoa gari lake la Model T kwa rangi nyeusi pekee kuanzia 1914 hadi 1925. Kisha General Motors ikaleta rangi ya Duco, iliyopulizwa kwa mashine na kukauka kwa saa chache, na magari ya Oakland ya mwaka wa 1924 yakauzwa yakiwa ya samawati. Rangi hiyo ilipendeza, lakini ilififia upesi isiposuguliwa. Hapo ndipo kopo la nta na kitambaa vilipopata makao ya kudumu katika buti la gari.

Wengi huchanganya shughuli tatu zilizo tofauti. Kuosha ni kuondoa uchafu. Kupaka nta ni kuongeza ngao nyembamba juu ya rangi. Kung'arisha hasa, kwa dawa yenye chembechembe za kukwaruza, ni kupunguza rangi yenyewe, na hapa ndipo wapenzi wengi wa uraibu huu hujidhuru bila kujua.

Gari la kisasa limefunikwa kwa tabaka angavu lisilo na rangi, lililoenea viwandani tangu miaka ya 1980. Tabaka hilo kwa kawaida lina unene wa kati ya mikroni 35 na 50, yaani jembamba kuliko nywele nyingi za binadamu. Ndilo linaloizuia miale ya jua isiichome rangi iliyo chini yake. Mikwaruzo ile midogo ya duara, inayoonekana kama utando wa buibui gari likiegeshwa juani, imo ndani ya tabaka hilo. Fundi huiondoa kwa kulisawazisha tabaka zima hadi kina cha mkwaruzo, na kila mara anapofanya hivyo mikroni kadhaa hupotea zisirudi tena. Anayelisugua gari lake kwa dawa kali kila mwezi kwa kulipenda analimaliza upesi kuliko yule anayeitwa mzembe. Likiisha, paa na boneti hubabuka na kutoa mabaka meupe, na dawa pekee ni kupaka rangi upya.

Nta haina hatari hiyo. Inayosifiwa zaidi ni ya karnauba, itokanayo na majani ya mnazi wa jamii yake unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil. Majani hukatwa, hukaushwa na kupigwa hadi unga wa nta udondoke. Nta hiyo ni ngumu na huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80. Hata hivyo, hudumu kwa wiki chache tu, hasa kwa anayeosha gari kwa sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huing'oa nta pamoja na matope.

Mikwaruzo mingi, kwa kweli, husababishwa na uoshaji. Vumbi jekundu la barabara za murram ni mchanga, na kitambaa kikavu kikipitishwa juu yake huwa msasa. Shati kuukuu ambalo vifungo havijatolewa ni adui mkubwa zaidi. Wajuzi hulimwagia gari maji mengi kwanza, huanzia paani kuteremka, na hutumia ndoo mbili: ya sabuni, na ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Aidha, kazi hufanywa kivulini, bati likiwa limepoa. Kinyesi cha ndege hakingoji Jumapili. Huondolewa siku iyo hiyo, kwa kukilowesha bila kukisugua.

Lakini gari hata likiwa safi namna gani, jina lake hutangulia kumsema mwenyewe. Afrika Mashariki ilitoa neno ambalo Waingereza walilikopa jinsi lilivyo: Wabenzi, kabila la wakubwa wa baada ya uhuru waliojulikana kwa magari ya Mercedes-Benz. Mwaka wa 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, aliwaagiza mawaziri warejeshe magari makubwa na kutumia Volkswagen Passat zenye injini isiyozidi cc 1800. Manung'uniko yaliyofuata yalionyesha kwamba kwa wengine gari lilikuwa cheo chenyewe.

Wananchi wa kawaida nao wana vibandiko vyao. Mwenye Subaru hudhaniwa kuwa kijana wa kelele na mbio, sifa iliyochochewa na ushindi wa Colin McRae mwaka wa 1997 na Richard Burns mwaka wa 2000 katika mbio za Safari Rally. Toyota Probox huambatanishwa na miraa na abiria waliobanana, nayo Vitz husemwa kuwa gari la wanawake, kana kwamba wanaume hawajui bei ya petroli.

Je, kuna ukweli wowote? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California waliripoti mwaka wa 2012 kwamba madereva wa magari ya hadhi ya juu walikuwa wepesi zaidi kuwakatiza wenzao njiani na kuwanyima nafasi waliotaka kuvuka. Lakini hadhi hiyo ilikadiriwa kwa aina ya gari, umri wake na mwonekano. Mzee aliyeling'arisha vyema gari lake la zamani huenda alipandishwa daraja asijue. Watafiti wa Finland nao, katika utafiti wa wenye magari 1,892 uliochapishwa mwaka wa 2020, waligundua kwamba wanaume wabishi na wasiojali wenzao walielekea zaidi kumiliki Audi, BMW na Mercedes. Vilevile waligundua kwamba watu makini na wenye nidhamu, wake kwa waume, huyapenda magari hayo hayo. Sehemu hiyo ya pili haikutajwa sana vibarazani.

Kipimo kingine kipo hapa nyumbani. Mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo mwaka wa 1970, yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Waamuzi hawatosheki na mng'aro wa nje. Hukagua injini, viti na hata upande wa chini, ambao jirani wa roshani hawezi kuuona. Gari la bei nafuu lililotunzwa huweza kulishinda la kifahari lililopuuzwa.

Kwa Mkenya anayenunua gari lililotumika, ambalo sheria inataka liwe halijazidi miaka minane linapoingizwa nchini, swali la kwanza halihusu mng'aro bali kiasi cha rangi kilichosalia, kwani huenda wauzaji wamekwisha kulisugua ili livutie. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unene huo, ambacho hubandikwa juu ya bati na kutoa namba. Rangi ya kiwandani, tabaka zote zikijumlishwa, mara nyingi hufikia mikroni 100 au zaidi. Fundi mwangalifu akisoma namba iliyo chini ya 80 huiweka mashine kando, akapaka nta, na kumwachia mwenye gari mikwaruzo yake.