Mfalme Fuchai na Jirani Yake

Leo twataka kusimulia habari za wafalme wawili wa Uchina wa kale. Zamani hizo, yapata miaka 500 kabla ya Kristo, nchi ile haikuwa na serikali moja. Alikuwako mfalme mkuu wa ukoo wa Zhou, lakini ukuu wake ulikuwa wa jina tu, na madola mengi yalishindana chini yake. Upande wa kusini yalikuwako madola mawili jirani: Wu, ambalo mji wake ulikuwa mahali penye Suzhou ya sasa, na Yue, lenye mji wake Kuaiji, penye Shaoxing ya sasa.

Mwaka wa 496 K.K. mfalme wa Yue alifariki, na mwanawe Goujian akatawala. Mfalme Helü wa Wu akaona amepata nafasi, akaishambulia nchi iliyo katika msiba. Goujian akawatanguliza wafungwa mbele ya jeshi, nao wakajikata shingo kwa mikono yao wenyewe. Askari wa Wu walipokuwa wakishangaa, wakashambuliwa ghafula. Helü alijeruhiwa kidole cha mguu, akafa kwa jeraha hilo. Mwanawe Fuchai akamweka mtu uani amwulize kila apitapo kama amesahau ni nani aliyemwua baba yake. Naye hujibu kuwa hathubutu kusahau.

Mwaka wa 494 K.K. alilipa kisasi. Goujian alishindwa, akakimbilia mlima wa Kuaiji pamoja na watu 5,000 tu, akaomba amani. Bo Pi, waziri wa Wu, alipewa rushwa ili amsemee. Waziri wa pili, Wu Zixu, akapinga. Fuchai hakumsikiliza, akafanya amani.

Je, alikosa kwa kuwa alisamehe? Sisi hatudhani hivyo. Kosa lake lilikuja baadaye: hakumfanya jirani yake kuwa rafiki, wala hakumwangalia kama adui. Alimsahau tu.

Lakini Goujian hakusahau. Yasimuliwa kwamba alitundika nyongo karibu na kiti chake, akawa akiionja ili akumbuke uchungu wa kushindwa. Alikula alichokilima mwenyewe, akavaa kilichofumwa na mkewe. Hakuwatoza watu wake kodi kwa miaka 10, hata kila nyumba ikawa na akiba ya chakula cha miaka mitatu. Mwanamke alipokaribia kujifungua, mganga alitumwa kumwangalia. Akizaa mwana, wazazi hupewa mitungi miwili ya pombe na mbwa. Akizaa binti, hupewa mitungi miwili na mtoto wa nguruwe. Hivyo nchi iliyovunjika ikajaa watu tena.

Wakati huo Fuchai alikuwa akitazama kaskazini, maana alitamani kuwa mkubwa wa madola yote. Mwaka wa 486 K.K. alichimbisha mfereji wa kuunganisha mto Yangtze na mto Huai, ili majeshi na chakula vipite kwa mashua. Mwaka wa 484 K.K. akaenda kupigana na dola la Qi. Goujian akaja na zawadi kwa mfalme na wakuu wake; wote wakafurahi, ila Wu Zixu aliogopa. Fuchai alishinda vita, na mwaka ule ule akampelekea mzee huyo upanga ajiue. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mwaka wa 482 K.K. Fuchai alichukua askari wake hodari mpaka Huangchi, akashindane na dola la Jin juu ya nani atangulie katika mkutano wa wakuu. Nyumbani alimwacha mwanawe mrithi. Yue ikaingia Wu, ikamkamata mrithi huyo. Habari zilipofika kambini, Fuchai aliwaua watu saba ili zisienee. Lakini siri haiwezi kurudisha mji uliotekwa. Alirudi akafanya amani, ila nguvu zilikuwa zimekwisha. Mwaka wa 473 K.K. Wu ilianguka. Goujian alitaka kumpa mahali pa kukaa uhamishoni. Fuchai akakataa, akajiua. Yasemekana alifunika uso, kwa kuwa aliona haya kukutana na Wu Zixu huko aendako.

Basi, Goujian naye alipata ukubwa, na waziri wake Wen Zhong, aliyemsaidia katika dhiki zote, akapelekewa upanga vile vile. Baadaye Yue ikamezwa na dola la Chu. Mwaka wa 1965 wachimbuaji walipata upanga wenye jina la Goujian, ungali mkali, nao ulikuwa ndani ya kaburi la mtu wa Chu. Mtungi wa pombe aliompa mama aliyejifungua uliifaa nchi yake kuliko upanga huo.