Hereni za Komamanga, Leso za Wajane na Zulia Lililofichwa Ikulu: Stori Nzito ya Zawadi za Waarmenia

Hereni zenye umbo la komamanga umeziona, usikatae. Zinapita sana mitandaoni, nyekundu, zimening'inia kwenye waya wa fedha, na chini yake maneno yale yale: kazi ya mkono, Armenia. Watu wanaweka makopakopa, mmoja anauliza bei, maisha yanaendelea. Wanaofika Yerevan wenyewe huzikuta Vernissage, soko la wazi karibu na Uwanja wa Jamhuri, zimepangwa pamoja na mikufu, skafu na vitambaa vya lesi. Na komamanga lenyewe lina maana yake. Kwa Waarmenia ni tunda la baraka na uzazi, na kwa desturi ya zamani bi harusi alilirusha lipasuke, mbegu zitawanyike kama watoto anaoombewa.

Sasa, kwenye meza hizo hizo, kitu chenye stori kubwa kuliko hereni ni kile kitambaa cha lesi ambacho wengi wanakipita tu.

Lesi ya Kiarmenia haitaki mashine wala kulabu. Ni sindano na uzi, basi. Fundi anafunga fundo, anaacha kitanzi kidogo, anafunga lingine, na mstari unaofuata unashikilia vitanzi vya mstari uliopita. Kila fundo linajikaza lenyewe, kwa hiyo hata uzi ukikatika mahali pamoja, kitambaa chote hakifumuki. Kitambaa cha ukubwa wa sahani kinaweza kumla mtu wiki kadhaa. Zamani wasichana walifundishwa na mama na bibi zao, wakaipamba mitandio na mashuka ya kwenda nayo kwa mume. Vilikuwa vitu vya sandukuni, na nyingi ya kazi hiyo haikufanywa kwa ajili ya kuuza.

Mambo yalibadilika kwa balaa. Mwaka 1895, chini ya Dola ya Uthmania, Waarmenia waliuawa kwa maelfu katika miji mingi, na mwezi Desemba zamu ikawa ya Urfa. Wakabaki wajane na yatima, hawana duka, hawana mume, hawana kitu. Mmisionari mmoja wa kike kutoka Marekani aliyekuwa akiishi pale akaangalia mikono ya wale wanawake, akaona kitu ambacho hakikuweza kuporwa: ufundi. Akaanzisha kazi ya kudarizi leso za kitani (hapa leso ni kile kitambaa cha mkononi, watu wa Mombasa msije juu) na zikawa zinasafirishwa kuuzwa Ulaya na Marekani. Yaani dada mmoja wa ng'ambo anampa rafiki yake leso nzuri ya kufutia machozi harusini, kumbe aliyeidarizi alishalia yake yakaisha.

Miaka 20 baadaye yakaja makubwa zaidi. Kuanzia 1915 Waarmenia walifukuzwa kwenye miji na vijiji vyao, wengi wakiuawa au kufia njiani kuelekea jangwa la Syria. Ndiyo mauaji ya kimbari ya Armenia. Shirika la misaada la Marekani, Near East Relief, lilichangisha zaidi ya dola milioni 116 na kulea yatima wapatao 132,000. Lakini lilijua kwamba mkate wa msaada una mwisho, hivyo wakimbizi wakapewa sindano, nyuzi na vitanda vya kufumia, na kazi zao zikauzwa Marekani.

Huko Ghazir, Lebanon, kulikuwa na kituo cha yatima ambako wasichana walifuma mazulia. Mwaka 1925 wakamtumia Rais Calvin Coolidge zulia la shukrani, kwa niaba ya yatima wote. Si kazanyumba hiyo. Lina urefu wa zaidi ya mita 5.5, upana wa mita 3.5 hivi, mafundo zaidi ya milioni 4, na juu yake bustani imejaa wanyama. Hebu fikiria: mabinti waliopoteza mama na baba, na picha waliyoifuma ni ya bustani ya Edeni.

Coolidge alilipenda, akalitandika Ikulu, na alipoondoka madarakani akaondoka nalo. Familia yake ikalirudisha Ikulu mwaka 1982. Hapo ndipo utamu unapoingia shubiri, maana zulia likawa zawadi yenye aibu ya kidiplomasia. Kulionyesha ni kueleza yatima walitoka wapi, na kueleza walitoka wapi ni kuiudhi Uturuki, mshirika wa Marekani, ambayo hadi leo inakataa neno mauaji ya kimbari. Mwaka 2013 taasisi ya Smithsonian ilipanga hafla ambayo zulia lingeonyeshwa, Ikulu ikagoma kuliazima, na hafla ikafutwa. Kelele zikapigwa, barua zikaandikwa. Novemba 2014 likatolewa hatimaye, siku sita tu, kwenye kituo cha wageni cha Ikulu, likiwa kama moja ya zawadi tatu za shukrani kwa Marekani. Ujanja wa mjini kabisa: zulia mmeliona, neno lenyewe hamjalisikia.

Neno hilo rais wa Marekani alikuja kulitamka rasmi kwenye tamko la Aprili 24, 2021. Wakati huo zulia lilikuwa na karibu miaka 96, na lebo iliyo nyuma yake bado inawataja waliolifuma kwa jumla tu: wasichana wa Kiarmenia, kituo cha yatima cha Ghazir.